Kabla Profesa Hajashuka Ndegeni

Ukitoka Lokandu kwenda kusoma Kindu, unapandisha mto. Lualaba unateremka kaskazini kuelekea Ubundu, nawe unakwenda kinyume chake na godoro lako, gunia la mchele, na fedha ambazo ukoo mzima umechangishana: huyu ameuza mawese, yule samaki, mwingine mbuzi. Fedha hizo zikishalipa ada ya mwaka na chumba cha kupanga, una haki ya kuuliza zimenunua masomo ya namna gani. Mwongozo huu ni wako, na ni wa asistani, CT (chef de travaux, cheo kilicho juu ya asistani) na profesa watakaokufundisha, maana swali hilo hakuna anayeweza kulijibu peke yake.

Swali hilo hujibiwa kwa ushirika, na ushirika ninaouzungumzia ni kazi, si cheo. Mwanafunzi na mwalimu wanaishika kozi moja, wanaangalia jinsi inavyofundishwa na inavyotahiniwa, wanakubaliana kubadilisha jambo fulani, na baada ya muda wanarudi kuona kama limefaa. Kamati ya wanafunzi ina shughuli zake: ada, usalama, migomo, mazishi ya mwenzetu. Iachieni ifanye hizo. Hapa tunaongea juu ya masomo yenyewe, mahali ambapo mwanafunzi wa Kongo amezoea kuulizwa mara moja tu, siku ya mtihani.

Alison Cook-Sather, Catherine Bovill na Peter Felten, ambao mwaka 2014 waliwaandikia walimu wa vyuo vikuu kitabu kuhusu jambo hili, waliujenga ushirika huu juu ya mambo matatu: heshima, kupeana, na kuwajibika pamoja. Heshima kwetu ipo tele. Profesa akipita watu husimama, na "papa Profesa" hutamkwa hata asipokuwepo. Kinachopungua ni kupeana, yaani mwalimu kuamini kwamba mwanafunzi ana kitu cha kumpa, na mwanafunzi kuamini hivyo pia. Na anacho. Mwalimu anaijua kozi yake, ila hajui kinachotokea akishatoka ukumbini: kwamba ukurasa mmoja wa silabusi, yaani maandishi ya kozi, ulififia kwenye fotokopi na darasa zima likanakili mlinganyo wenye kosa, kwamba neno moja la Kifaransa liliwazuia watu kufuata saa mbili zilizobaki, kwamba kazi aliyoacha inahitaji intaneti, na wengi hawana hata fedha ya kununua megabaiti. Hayo unayajua wewe.

Anzeni na kozi ya mgeni

Kindu ina Chuo Kikuu cha Kindu, UNIKI, ina Chuo cha Juu cha Ualimu, ISP, na vyuo vingine, na kazi ya kila siku ndani yake hubebwa na maasistani na ma-CT wanaoishi mjini. Maprofesa wenye udaktari hawatoshi katika mikoa kama huu wetu wa Maniema, kwa hiyo baadhi ya kozi hungoja wageni kutoka Lubumbashi, Kisangani au Kinshasa. Barabara za kuja kwetu mnazijua. Mgeni huja kwa ndege, na kila siku anayolala hotelini ni gharama. Hivyo kozi hubanwa: asubuhi hadi jioni kwa siku chache, mtihani mara tu baada ya somo la mwisho, kisha ndege ya kurudi.

Simlaumu mgeni. Ametoka mbali, na pengine kuna chuo kingine kinachomsubiri. Lakini hesabu haikubali. Tangu Kongo ilipoanza kuhamia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), masomo hupimwa kwa krediti, 60 kwa mwaka. Ulaya, ambako mfumo huu ulizaliwa, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kufanya mazoezi, kujitayarisha. Chukua kozi ya krediti 4. Ni saa 100 kwa uchache. Zigawe kwa siku 6 utapata zaidi ya saa 16 kwa siku, na hapo hujapika wala hujavuka mto kurudi nyumbani. Sehemu ya saa hizo lazima itangulie ndege, na nyingine ifuate baada ya ndege kuondoka. Sehemu zote mbili ziko mikononi mwa wanafunzi na asistani. Ndiyo maana nasema anzeni hapo, kwa sababu hamhitaji kusubiri amri ya rekta wala fedha ya mradi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, lakini mwenyeji naye ana kazi kabla mgeni hajafika. Wiki tatu au nne kabla ya kozi, shefu wa promosyo, yaani CP, kiongozi wa darasa lenu la mwaka, aende na wenzake wawili kumwona asistani wa kozi hiyo. Msianze kwa profesa, wala msiruke hadi kwa katibu mkuu wa masomo. Asistani alikuwa mwanafunzi juzijuzi tu, anaijua silabusi, na ana namba ya simu ya mgeni. Mwombeni jambo moja: kuandika naye barua ya ukurasa mmoja, ipite kwa mkuu wa idara, imfikie profesa. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu huenda profesa si mtu wa Kiswahili. Maudhui yake yawe ya namna hii:

"Profesa mheshimiwa, sisi ni promosyo ya mwaka wa pili, kilimo, watu 64. Takwimu tulisoma mwaka jana. Wastani na mchepuko tunavimudu, lakini regresheni tuliiona ubaoni tu, hatujaifanya kwa mikono yetu. Kompyuta zinazofanya kazi kati yetu ni tisa. Umeme hauna uhakika, kwa hiyo tungeomba maandishi ya kozi yatufikie mapema ili tuyachapishe kabla. Asistani amekubali kutuongoza kusoma sura mbili za kwanza. Tunaweza pia kukusanya bei za mchele na mawese kwenye bandari ya Kindu na soko la Lokandu kwa wiki kadhaa kabla hujafika, kama zitakufaa katika mazoezi. Tunaomba utuambie: ungependa tuwe tunajua nini siku utakapoingia darasani?"

Idadi hizo ni za mfano. Wekeni zenu, na mzihesabu kweli, kompyuta kwa kompyuta. Mtaona kwamba barua haina lawama na haiombi huruma. Inamwambia mgeni anakuta nini, inampa kitu ambacho hawezi kukipata Kinshasa, yaani bei za kweli za mahali hapa, na inaishia na swali ambalo mwalimu yeyote makini ataona haya kuliacha bila jibu. Asipojibu, msikae. Tafuteni silabusi ya mwaka uliopita kwa walio juu yenu, asistani achague sura mbili, na vikundi vya watu sita au saba vianze kusoma.

Wakati wa kozi, kazi yenu ya kila jioni ni ndogo lakini isikosekane hata siku moja. Kabla watu hawajatawanyika, kila mmoja aandike sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi, bila jina: jambo nililolielewa leo, na mahali niliponasa. CP na wenzake wawili wavipange vipande mezani kwa mafungu. Fungu kubwa litaonekana lenyewe. Chagueni mambo matatu yaliyonasa wengi, asistani ayafikishe kwa profesa jioni ileile, na mwombeni ayaanzie asubuhi kwa dakika ishirini. Sentensi ya kwanza, ile ya nililolielewa, msiifute kwa kutaka kuokoa muda. Mwalimu anayepokea orodha ya mikwamo mitupu siku tatu mfululizo atafunga moyo. Anayeona pia kilichoingia vichwani atajua aache nini na arudie nini. Na msidhani kwamba kuuliza kwa mdomo kunatosha. Katika kumbi zetu "mmeelewa?" hujibiwa "ndiyo" kwa sauti moja, na sauti hiyo haimsaidii mtu.

Kinachobaki ni mtihani. Mwombeni profesa, mapema na si siku ya mwisho, uwepo muda kati ya somo la mwisho na mtihani. Anaweza kuacha maswali katika bahasha iliyofungwa kwa mkuu wa idara, asistani akasimamia mtihani baada ya wiki mbili za mazoezi. Jambo hilo linahitaji kibali cha idara na huenda likakataliwa. Basi ombeni kidogo zaidi: siku mbili za mapumziko, au sehemu ya pointi itokane na ile kazi ya bei mliyoifanya kabla hajafika. Na kubalianeni tarehe ya matokeo. Pointi zinazochelewa kwa sababu karatasi zimesafiri ndani ya sanduku la profesa ni mateso yanayoweza kuepukwa kwa mstari mmoja ulioandikwa na kutiwa sahihi kabla ya ndege.

Asistani ana mzigo wake

Hapa nina neno kwa wanafunzi. Maasistani wengi nchini hufanya kazi kwa miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anayekusahihishia kazi za vitendo huenda jana alilala akifikiria kodi ya nyumba. Ukimjia na mpango mpya unaomwongezea saa, atakubali kwa adabu na kisha ataupoteza mpango huo kimyakimya. Mpango mzuri humpunguzia kazi. Vipande vya jioni vikipangwa na wanafunzi, yeye hupokea mambo matatu badala ya malalamiko sitini kwenye WhatsApp usiku. Mazoezi yaliyokwisha sahihishwa yakiwekwa katika jalada moja na wanafunzi wa mwaka huu, mwaka ujao hatayaandika upya. Mwulizeni waziwazi: papa asistani, ni kazi gani katika kozi hii inayokuchosha bila faida? Jibu lake liwe kazi yenu ya kwanza.

Kuna njia nyingine ya kumsaidia mwalimu, ambayo chuo cha Bryn Mawr, Marekani, kimeitumia kwa miaka mingi. Mwanafunzi ambaye hasomi kozi ile huketi darasani mara moja kwa wiki, huandika anachokiona, kisha hukutana na mwalimu wakaongea juu yake. Kwetu inawezekana bila senti. Mtu wa mwaka wa tatu aliyekwisha kuifaulu kozi aombwe na mwalimu aketi nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza. Hana pointi za kuogopa. Aandike alichokiona, na si anachokifikiria. "Profesa anakwenda mbio" ni hukumu, na mtu huipinga. "Saa nne na dakika ishirini, baada ya mlinganyo wa pili, kalamu za safu tatu za nyuma zilisimama" ni jambo ambalo mwalimu hakuliona, na sasa analo. Mazungumzo hayo yabaki kati yao wawili. Yakifika kwa mkuu wa kitivo kama ripoti ya siri, hakuna mwalimu mwingine atakayethubutu kufungua mlango wake tena.

Lugha ya kueleweshana

Kiswahili kilifika Lokandu kabla ya Kifaransa. Kilikuja na misafara ya watu wa pwani katika karne ya 19, mji ulipokuwa ukiitwa Riba-Riba, kama ulivyokuja mchele ambao leo ni fahari ya Maniema. Watoto wa hapa hucheza, hugombana na hupatana kwa Kiswahili, kisha wakifika chuoni huketi mbele ya uchumi, fiziolojia na sheria kwa Kifaransa ambacho wengi walikisoma vitabuni zaidi ya kukisema. Mtihani utabaki wa Kifaransa, na memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, pia, na ni vizuri wakikimudu. Lakini kuelewa ni jambo la kwanza.

Kwa hiyo kikundi chenu cha kusoma kifanye hivi: kila sura, mtu mmoja aieleze kwa Kiswahili bila kusoma, kama anavyomweleza mama yake sokoni, wengine wamkatize pale anapojificha nyuma ya neno la Kifaransa. Akishindwa kulisema kwa Kiswahili, mara nyingi ni kwamba hajalielewa kwa lugha yoyote. Kisha mwingine aliandike kwa Kifaransa sahihi lile lililoelezwa, mistari mitano, na asistani aisahihishe. Faida ya pili huja polepole. Mistari hiyo ikikusanywa kwa mwaka mzima mnakuwa na maelezo mafupi ya kozi nzima, yaliyoandikwa na watu waliokwama mahali palepale atakapokwama mwenzao wa mwaka ujao. Mwalimu mwenye busara atayaomba ayasome kabla ya kurekebisha silabusi yake.

Nani akae mezani

Kosa la kawaida ni kuwachukua wanafunzi watatu wenye pointi za juu na kuwaita wawakilishi. Hao ndio walioelewa kozi hata ilipofundishwa vibaya. Mnahitaji pia mtu anayerudia mwaka, maana ameiona kozi mara mbili na anajua ilipomwangusha. Mnahitaji anayeendesha pikipiki ya abiria usiku ili alipe ada. Mnahitaji aliyetoka mbali, Lokandu, Punia au Kibombo, ambaye hana shangazi mjini wa kumpikia.

Na mnahitaji wanawake, zaidi ya mmoja, kwa sababu mwanamke mmoja kati ya wanaume sita ataombwa aandike muhtasari na asiulizwe neno. Angalieni saa za mikutano. Kindu imekatwa na mto, na hakuna daraja: Kasuku na Mikelenge upande huu, Alunguli upande ule. Mkutano wa saa kumi na moja jioni humwacha nje kila anayetakiwa kuvuka kwa mtumbwi kabla ya giza, na humwacha nje msichana anayesubiriwa nyumbani kuwasha moto. Kutaneni saa sita mchana, kati ya masomo mawili, kwa dakika arobaini, na mwanzo na mwisho ujulikane. Watu sita wanatosha. Nusu yao wabadilishwe kila muhula, ili pasizuke tabaka la "watu wa profesa".

Pointi, fedha, na mlango uliofungwa

Katika vyuo vyetu kila mtu anajua kuna pointi zinazonunuliwa. Kuna silabusi inayouzwa kwa lazima, na asiyenunua jina lake huandikwa pembeni. Kuna wasichana wanaoombwa mwili ili wafaulu, jambo ambalo Wakongo wamelipa jina la kejeli kali, pointi za zinaa, na ambalo limevunja maisha ya watu tunaowafahamu. Ushirika unaomkaribisha mwanafunzi ofisini kwa mwalimu unaweza kuwa mlango mpya wa uovu huo. Lazima mseme hivyo waziwazi siku ya kwanza, mwalimu akiwapo, na muandike masharti.

Mshirika hagusi pointi za mtu, hazioni kabla ya wengine, wala habebi ujumbe wa kuomba pointi. Hakusanyi fedha ya aina yoyote, ya silabusi, ya mapokezi ya profesa, wala ya zawadi ya kumuaga. Akianza kushika fedha, ushirika umekwisha, hata kama fedha yenyewe ni halali. Hakuna anayekutana na mwalimu peke yake: wawili au zaidi, ndani ya chuo, mchana, mlango wazi. Kazi ya kupimwa ya mshirika isomwe na mwalimu wa pili. Na mkiona mwalimu analichukulia vibaya sharti la mlango wazi, tafuteni mwalimu mwingine wa kuanza naye. Wapo walimu wema wengi kuliko tunavyosema katika mazungumzo yetu, na wao ndio wenye hamu ya kuona masharti haya yakiandikwa, kwa sababu uchafu wa wachache unawapaka wote.

Woga tuliourithi

Wazazi wengi humwambia mtoto anayekwenda chuo: soma, usijitokeze mbele. Wana sababu. Mwaka 1964 wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954, waligoma wakidai sauti katika uendeshaji wa chuo chao. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walioandamana Kinshasa walipigwa risasi. Mwaka 1971, walipotaka kuwakumbuka waliouawa, Rais Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini, na mwaka huohuo vyuo vikuu vya nchi vikaunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, chini ya mkono wa serikali, hadi mwaka 1981. Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa usiku na wanafunzi wakauawa. Wala si Kongo peke yake. Mwaka 1971 huohuo, Dar es Salaam, rais wa wanafunzi Symonds Akivaga alifukuzwa chuoni baada ya kumwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi, na wanafunzi wakasimama kudai wasikilizwe.

Nayataja haya kwa sababu woga umekaa pande zote mbili za meza. Mwanafunzi huogopa kuwekewa alama. Mwalimu na idara, wakiona wanafunzi sita wanakutana kila wiki, huogopa kwamba mgomo unapikwa. Dawa yake ni uwazi wa kuchosha. Mkuu wa idara apewe barua kabla ya mkutano wa kwanza, yenye jina la kozi, majina ya waliomo, saa na mahali. Mkishakutana, ukurasa mmoja wa yaliyokubaliwa ubandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na ofisi ya apariteri, anayeandikisha wanafunzi, kila mtu ausome. Na msiichanganye kozi na madai mengine, hata yakiwa ya haki. Siku mtakapopeleka suala la ada kupitia kikundi cha kozi ya takwimu, mtapoteza yote mawili.

Yakitokea matatizo na mwalimu, ayasikie yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa maneno ambayo mngeweza kuyasema mbele ya watoto wake. Isipokuwa makosa ya jinai. Msichana aliyenyanyaswa hatumpeleki kwa aliyemnyanyasa eti apate nafasi ya kujieleza. Huyo anasindikizwa na watu anaowaamini hadi kwa uongozi wa chuo, na kwa sheria.

Kwa mwalimu anayesoma haya

Mheshimiwa, chagua swali moja ambalo kweli hulijui jibu lake. Kwa nini nusu ya darasa huanguka kwenye sura ya nne? Kwa nini hawasomi maandishi ninayowatumia? Ukiuliza "kozi yangu mnaionaje?" utapewa sifa, na sifa hazitakusaidia. Wakishakujibu, wajibu nawe ndani ya wiki moja: hili nitalibadilisha, hili siwezi kwa sababu hii, hili sitaki na sababu yangu ni hii. Mwanafunzi hahitaji ukubali kila kitu. Anavunjika moyo akiona karatasi zake zimeingia ofisini na kimya kikafuata.

Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambako mpango wa namna hii ulianza mwaka 2013, wanafunzi washirika hulipwa kwa saa wanazofanya kazi. Hapa huna bajeti hiyo. Lakini unaweza kuandika cheti chenye sahihi yako na muhuri wa idara kikieleza kwa usahihi alichofanya. Karatasi hiyo humsaidia kijana anayetafuta kazi katika mashirika mjini. Unaweza kuandika majina yao kwenye utangulizi wa silabusi iliyorekebishwa. Unaweza kulipia megabaiti za aliyesoma vipande vya jioni. Usiwalipe kwa pointi.

Memwari zinazorudi Lokandu

Sehemu hii ndiyo ninayoitamani kuliko zote. Kila mwaka wanafunzi huteremka vijijini na dodoso, huwauliza wavuvi, wakulima wa mpunga na wauguzi maswali, hupanda tena mto, hutetea memwari mbele ya majaji watatu, na nakala hulala kabatini. Aliyejibu maswali hajui majibu yake yalisema nini. Mwaka ujao anakuja mwingine na dodoso lilelile.

Kama wewe ni mtu wa Lokandu, tumia likizo kugeuza mwendo huo. Kabla hujachagua mada, kaa na watu wanne au watano: muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa sekondari, mama muuza samaki wa siku nyingi, mkulima, mwenye mtumbwi. Waulize ni jambo gani wangependa lichunguzwe. Utapata maswali ambayo hayamo kwenye orodha ya idara: kwa nini samaki wakavu huharibika kabla ya kufika Kindu, mchele unapoteza bei kiasi gani kati ya shamba na bandari, kwa nini wanawake wajawazito huchelewa kufika kituoni msimu wa mvua. Peleka maswali hayo matatu kwa mwalimu wako na mwombe msaidiane kulifanya moja liwe mada inayotosha kwa mwaka mmoja. Yeye anajua mbinu ya utafiti, wewe unajua mahali na watu, na ninyi wawili mnaweza kufanya kazi ambayo kila mmoja peke yake asingeifanya.

Ukishatetea, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi. Zisome kwa sauti mbele ya watu walewale, siku ya soko ikishatulia, na uache nakala moja kwa mkuu wa mahali na nyingine kwenye kituo cha afya au shule. Wakikukosoa, andika walichokosoa na umpelekee mwalimu wako. Ombeni idara iongeze jambo hili katika masharti ya memwari: nakala moja na maelezo ya kurasa mbili kwa kila mahali palipotoa taarifa.

Haya yote yanahitaji daftari moja gumu la kurasa mia mbili. Humo ibandikwe barua kwa profesa na jibu lake, mambo matatu ya kila jioni, masharti ya mlango wazi na sahihi zake, kilichobadilishwa na kilichokataliwa, na tarehe. Lisikae nyumbani kwa CP. Likae kwa katibu wa idara, na yeyote wa promosyo akitaka kulisoma apewe palepale. Mwaka ukiisha, CP anayetoka amkabidhi mwenzake mbele ya asistani, wasome pamoja kurasa za kozi ya kwanza ya muhula ujao, na siku hiyohiyo waandike barua ya kwanza kwa profesa atakayekuja.